Bwana Kamili na Nafasi ya Mwenyewe

Mkuu wa ofisi ya vitu vilivyosahauliwa kwenye mabasi aliitwa kwa cheo chake mara chache tu. Kisogoni walimwita Bwana Kamili, tena kwa sauti ya kutosha. Hakuweza kuona nafasi tupu akapata usingizi. Hata chumvi ikipungua kichupani, alijaza.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alipokuja kumtengenezea mfumo wa kompyuta, walikwaruzana asubuhi ile ile. Mfumo wenyewe haukuwa na makuu. Kondakta akiokota kitu, anakipiga picha; kompyuta inakiandikisha, inamtafuta mwenyewe kwenye orodha ya abiria, kisha inamtuma tarishi akipeleke nyumbani.

"Vingine havina jina, shemeji," binti alisema. "Hapo nafasi ya mwenyewe iachwe wazi."

"Wazi? Ofisini kwangu? Mkono mtupu haulambwi! Weka mtu."

"Mtu gani?"

"Yeyote! Wa kwanza kwenye orodha!"

"Una hakika?"

"Kwani nimekuoa wewe au dada yako? Mbona wanigombeza?"

Binti akatabasamu, akaweka. Bwana Kamili alikuwa amesahau kwamba siku orodha ilipofunguliwa, aliwapiga kumbo watu wote ili aandikwe yeye kwanza.

Basi tarishi akaanza safari za nyumbani kwake. Alileta wigi jekundu. Akaleta kiatu cha kike, kimoja, kisigino kama msumari. Akaleta gauni la kulalia, jepesi kama utando wa buibui. Mke alipokea, akasaini. Kilipokuja kitanda cha mtoto mchanga, akampigia simu mama yake.

Jioni Bwana Kamili alimkuta mama mkwe kwenye kiti chake mwenyewe. Mke alikuwa akipanga nguo kwenye sanduku. Jogoo aliyeokotwa basini, naye kaletwa mchana huo, alikuwa juu ya redio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hongera ya mtoto."

"Mtoto gani?"

"Sisi tutajuaje? Tumeona kitanda tu."

"Mama yake ana kichwa chekundu na mguu mmoja," mke alisema bila kugeuka. "Naenda kwetu."

Jasho lilimtoka Bwana Kamili. Mama mkwe akamtazama kifuani. "Na lile sweta nililokufumia, lenye kasuku? Unalivaa?"

"Kila siku, mama! Liko ofisini, lisichafuke."

Alimpigia shemeji yake simu kwa sauti ya mtu aliyekaliwa na tembo. Binti akaja na kompyuta yake, akaeleza yote, hata lile la mkono mtupu.

"Sasa niruhusu niiambie hivi," alisema. "Mwenyewe akijulikana, mwandike pamoja na kitu chake. Asipojulikana, ruka nafasi hiyo, usiiguse, endelea kuandika mengine. Kitu kikae stoo."

"Iambie! Iambie hata mara mbili!"

Binti akabonyeza. Mke akatoa kanga moja sandukuni, akairudisha kabatini. Bwana Kamili kuona hivyo, akavimba kama andazi. "Mnaona? Naapa, mama, kilicholetwa na tarishi hata kimoja si changu! Sivijui!"

Hodi. Tarishi huyo, na kifurushi kilichotoka ofisini kabla ya marekebisho.

"Kondakta kaandika," tarishi akasoma, "'kimekutwa kiti cha nyuma, kimesukumwa chini kabisa, ndani ya mifuko miwili, imefungwa mafundo.'"

Mama mkwe akafungua. Sweta la rangi ya chungwa. Kasuku mwenye jicho moja akawakodolea wote.

"Na hili hulijui, baba?"

Bwana Kamili akamtazama kasuku. Akaangalia sanduku. Mkono wa mke ulikuwa umesimama juu ya kanga ya pili.

"Hilo… ni langu, mama. Nililisahau."

"Kwa mafundo?"

"Nilikuwa na haraka."

Mke alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akakalia sanduku, na mtu hawezi kusafiri na sanduku alilolivunja kwa makalio.

"Vaa," mama mkwe aliamuru.

Akavaa, ingawa jioni ilikuwa ya joto. Mkono mmoja wa sweta ulifika kwenye goti. Jogoo akamwona kasuku, akapanua mbawa, akamrukia kifuani.

"Shemeji," binti aliuliza, vidole juu ya kompyuta, "kwa sweta hili, nafasi ya mwenyewe niiache wazi?"

"Jaza," ilijibu sauti kutoka chini ya jogoo.