Kemirembe Wawili

Anatolia alimlaza mtoto kifudifudi juu ya majani makavu ya migomba, akaivuta miguu yake hadi mlangoni penye mwanga. Ngozi ya nyayo ilikuwa imegeuka gamba, gamba limepasuka, na ndani ya mipasuko nyama ilionekana, nyekundu, ikitoa maji. Chini ya goti la kushoto kulikuwa na kidonda cha mviringo chenye ganda la manjano. Inzi walikuwa wamekizoea. Ukiwafukuza, walirudi palepale.

"Unatembeaje?"

"Kwa visigino," mtoto akajibu, uso ukiwa kwenye majani. "Asubuhi ndiyo vibaya. Jua likipanda nazoea."

Alikuwa na miaka tisa, na jina lake Kemirembe. Anatolia alilitafuta jina hilo kwenye sanduku la kadi, akaipata kadi, akaisoma mara mbili. *Buba: anayo. Sindano: 14 Juni 1955.* Mbele yake palikuwa na nafasi tupu, na nafasi hiyo ndiyo iliyomleta leo, mwezi wa kwanza wa mwaka mpya: amepona, au hajapona.

Mradi wa kutokomeza buba, ugonjwa huu wa vidonda, ulikuwa wa watu wa mataifa mengi. Dawa na magari vilitoka Ulaya. Kikosi cha kwanza, cha madresa, yaani waganga wasaidizi, kilipita kijiji kwa kijiji katika Karagwe kikichoma sindano, sindano moja kwa kila mgonjwa, na kwa walio wengi hiyo moja ilitosha. Kikosi cha pili kilifuata baada ya miezi kuhakiki. Anatolia aliajiriwa katika hiki cha pili kwa sababu wanawake walikataa kupandisha kanga mbele ya makarani wanaume. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa Kanoni, aliyefika darasa la sita kwenye shule ya wasichana ya misheni ya Kilutheri. Dawa hakuruhusiwa kugusa. Alipewa sanduku, kalamu ya wino, na barua yenye muhuri.

"Bibi," alimwambia Kokuhirwa, mama mzazi wa baba yake mtoto, aliyekuwa amekaa kando akimenya ndizi, "kadi inasema huyu alichomwa mwezi wa sita."

"Nani alimchoma?"

"Dresa."

"Hapa?"

"Pale barazani Isingiro."

Kokuhirwa aliendelea kumenya. Naye nyayo zake zilikuwa vilevile. Alikaa amezikunja pembeni zisiguse chini. "Mwezi wa sita tulikuwa kwenye kahawa ya mkungu. Alituma mtu atuambie, atakayeacha kuchuma akaenda kwenye sindano asirudi kibanjani. Hakwenda mtu."

Ng'ambo hiyo ya bwawa la mafunjo yote ilikuwa nyarubanja, milki ya Kashaija, mkungu, yaani mkuu wa eneo hilo. Watu walipanda migomba kwenye vibanja vyao na kula ndizi zake, lakini ardhi ilikuwa yake, na siku za kumtumikia alizipanga yeye.

"Lakini dawa ilitolewa," Anatolia akasema. "Imeandikwa. Ilikwenda wapi?"

"Dawa tuliiona, mwanangu. Jioni ile dresa alikuja zizini kwa mkungu. Mimi ndiye niliyeshika mkia. Ng'ombe waliokuwa wamevimba viwele, wote walichomwa." Aliitupa ndizi chunguni. "Walipona."

Anatolia alichovya kalamu, akaandika kwenye nafasi tupu: *Hajapona. Hakuchomwa.* Kisha akatoka, akaenda nyumba ya pili, na ya tatu. Mpaka alasiri alikuwa amegeuza nyayo za watu arobaini na mmoja, wote wenye kadi za tarehe 14 Juni, na kadi zote arobaini na moja aliziandika maneno yaleyale kwa mwandiko uleule.

*

Dresa mkuu, Aristides, alikuwa mtu wa Bukoba, mpole wa maneno, ambaye hata kambini kaptura yake haikukosa mstari wa pasi. Alizipitia kadi moja moja mbele ya hema, akizipanga magotini.

"Keti, dada Anatolia. Umetembea sana."

"Nimekaa kutwa, bwana. Hawa watu hawakuchomwa."

"Nimeona ulivyoandika. Hebu niambie, kazi yako ni nini?"

"Kuhakiki."

"Kuhakiki kama wamepona. Suala la kuchomwa lilikwisha Juni, limetiwa sahihi. Hukuajiriwa kuhakiki sahihi yangu."

"Mtu hawezi kupona kwa sindano aliyochomwa ng'ombe."

Aristides aliacha kupanga. Alitazama huku na huku kama kuna aliyesikia, na alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Nani amekuambia maneno hayo?"

"Kumbe ni kweli."

"Wewe unatoka Kanoni, sivyo? Kaka yako ana watoto. Nimewaona mimi kwa macho yangu, mmoja ana kidonda mdomoni." Alingoja. "Kanoni haijachomwa. Chonyonyo haijachomwa. Daktari mgeni anakuja Alhamisi kutoka kwa wenye dawa. Akiona Isingiro ni safi, anaifunga Isingiro, magari yanakwenda Kanoni. Akiona uchafu huu, atasema sisi hatuwezi kutunza dawa, na magari yatarudi pwani. Unataka mtoto wa kaka yako akose kwa ajili ya watwana wa Kashaija?"

Mtoto huyo wa kaka yake aliitwa Egbert, na Anatolia mwenyewe alikuwa akimlisha uji kwa kijiko cha mti kwa sababu cha chuma kilimuumiza. Alimwona waziwazi, mdomo wazi, akingoja kijiko.

"Mwambie ukweli aongeze dawa," akasema mwishowe.

"Hujawahi kukaa nao mezani."

"Basi nitakaa."

Aristides alifunga kadi zile arobaini na moja kwa uzi, akaziingiza kwenye mkoba wake wa ngozi. "Nitazinakili upya mimi. Mwandiko wako hausomeki."

Shuleni, mwandiko wa Anatolia ndio uliokuwa ukitundikwa ukutani wageni wausome. Alisimama, akasema, "Zinakili zote, bwana. Miguu yao hutainakili."

*

Jumatano Anatolia alivuka tena mafunjo. Aliwaambia wale wenye kadi kwa Kinyambo, lugha yao, bila kuzungushazungusha, kwamba kesho daktari wa kigeni ataita majina yao barazani, na kwamba jina likiitwa na mwenyewe hayupo, atajibu mtu mwingine.

"Mtu mwingine ajibu jina langu?" Kokuhirwa akauliza.

"Ndivyo watakavyofanya."

"Na mkungu akituona pale?"

"Atawaona."

Watu walitazamana. Yustus, mwanamume aliyekuwa na vibanda viwili na wake wawili, alisema mkungu atamfukuza, na Anatolia hakumwambia kwamba haitakuwa hivyo. Kokuhirwa alijifuta mikono kwenye nguo.

"Mimi nitakwenda," akasema. "Nimeshika mkia, nataka nimwone huyo mwenye dawa."

Alfajiri ya Alhamisi walikuja kumi na tisa. Safari ya kawaida ya saa moja iliwachukua saa tatu na zaidi, kwa sababu walitembea kwa visigino na kwa kingo za nyayo, na penye mawe walikaa chini wakajivuta. Kwenye daraja la magogo walimkuta tarishi wa mkungu amesimama katikati na fimbo.

"Leo barazani ni kwa walioitwa," akasema.

"Tumeitwa," Anatolia akajibu. "Majina yao yako kwenye orodha. Nenda kaitazame." Akapita kando yake akimshika Kemirembe mkono, na tarishi, aliyekuwa amezoea watu wanaosimama wakisimamishwa, alibaki ameinua fimbo mpaka wa mwisho alipokwisha kuvuka.

Daktari mgeni alikuwa amekaa mezani chini ya bati la baraza, mtu mwembamba, shingo imeungua jua. Kulia kwake Aristides alitafsiri. Kushoto mkungu Kashaija alikaa katika kanzu nyeupe, fimbo mapajani. Mbele yao watu waliopangwa walisimama safi, wamepakwa mafuta. Daktari alichagua majina kwenye orodha kwa ncha ya kalamu, popote ilipoangukia.

"Kemirembe, binti wa marehemu Melkiory," Aristides akaita.

Msichana mmoja mwenye gauni jipya alitoka mbele, akainua mguu mmoja, kisha wa pili. Nyayo zilikuwa laini. Daktari aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Ni mimi," sauti ikasema kutoka nyuma.

Watu waligeuka. Kemirembe alikuja kwa visigino katikati yao, akiwa ameshika nguo isiguse goti, na watu wakampisha, wengine kwa kuogopa kuambukizwa. Alisimama kando ya yule msichana wa gauni. Walikuwa wa kimo kimoja.

"Ni mimi Kemirembe," akarudia. "Huyu ni Placida, anakaa kwa mkungu. Tunachota maji pamoja."

Placida aliinamisha kichwa, akasogea nyuma hatua moja bila kuambiwa.

Daktari aliweka kalamu chini. Alikuja mwenyewe mbele ya meza, akapiga magoti kwenye vumbi, akakinyanyua kisigino cha mtoto kwa vidole viwili, taratibu. Kisha akawaona na wale wengine waliokuwa wanafika, mmoja mmoja, wakikaa chini palepale walipofikia. Aliuliza jambo kwa Kiingereza. Mkungu Kashaija alimwambia Aristides kwa sauti ya chini, kwa Kinyambo, na Anatolia alisikia kila neno: "Mwambie ni Wanyaruanda. Wamevuka mto baada ya Krismasi. Wamesikia kuna dawa, wanajipachika majina ya watu."

Aristides alimgeukia daktari. Kisha akatafsiri.

"Si kweli, waitu, wakubwa zangu," Anatolia akasema kwa Kiswahili, na kisha kwa Kiingereza chake cha darasa la sita, neno moja moja, akiyachomoa kama miba: watu hawa wamezaliwa hapa, hawakuchomwa, dawa walichomwa ng'ombe.

Daktari alimtazama, si kwa dharau. Alimwuliza kwa upole kama ana karatasi yoyote inayoonyesha hivyo.

"Niliandika," Anatolia akasema. "Kadi arobaini na moja. Anazo huyu."

Aristides alifungua mkoba, akatoa kadi, akazipanga mezani. Zilikuwa mpya, nyeupe, wino wa bluu. *Amepona. Amepona. Amepona.*

"Huyu mama," Aristides akamweleza daktari, na safari hii alisema kwanza kwa Kiswahili ili watu wote wasikie, "ni mjane. Amechanganyikiwa kidogo na kazi."

"Waulize wao," Anatolia akasema. "Mko nao hapa. Waulize."

"Mzungu anauliza karatasi, dada."

Kokuhirwa, akiwa amekaa vumbini, alisema kwa nguvu zake zote kwamba yeye alishika mkia. Alisema mara tatu. Hakuna aliyetafsiri.

Daktari alirudi mezani, akafikiri, akageuza ukurasa wa nyuma wa fomu ambako palikuwa na mistari mitupu. Aliandika kwa muda mrefu kuliko alivyoandika chochote siku hiyo. Aristides aliwatangazia: bwana daktari amesikitishwa sana. Wahamiaji hawa hawamo kwenye hesabu ya Isingiro, lakini ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba wapo, kaya zao zote, na anaomba wafikiriwe katika awamu ijayo. Hivi leo hakuja na dawa. Amekuja kuhakiki tu.

"Awamu ijayo ni lini?" Anatolia akauliza.

"Wakipata dawa."

*

Siku hiyohiyo Aristides alimnyang'anya Anatolia sanduku na kalamu. Barua yenye muhuri Anatolia hakuitoa. Aliiweka ndani ya kifua cha gauni, akamwambia dresa aichukue mwenyewe, naye hakuthubutu. Kaka yake alimtumia ujumbe arudi Kanoni, kwani magari yalikuwa yamefika kweli na Egbert alikuwa amechomwa. Aliusoma ujumbe akafurahi, akakaa muda mrefu ameushika. Hakurudi. Alihamia kwa Kokuhirwa, akawa anachemsha maji ya chumvi kila asubuhi na kuosha vidonda vya wanaokuja, na wengi walikuja.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, tarishi alikuja na karatasi. Alikuwa yuleyule wa darajani, safari hii na watu wanne wenye mapanga. Alisimama uani akasoma: kwa kuwa taarifa ya daktari wa mataifa, iliyopigwa muhuri, inaonyesha kaya zilizo ng'ambo ya mafunjo kuwa ni za wahamiaji waliofika baada ya Krismasi, hawana haki ya kibanja katika nyarubanja ya mkungu, na watoke kabla ya mwisho wa mwezi.

"Mimi nimeolewa hapa," Kokuhirwa akasema. "Mkungu mwenyewe alikunywa pombe ya rubisi ya harusi yangu."

"Sijaandika mimi, mama. Ameandika Mzungu."

Yustus na wake zake walikuwa wameondoka juzi. Nyumba nyingine tatu zilikuwa wazi, milango imeng'olewa. Kokuhirwa alikuwa amekaa kizingitini. Anatolia akaja akakaa kando yake, na Kemirembe katikati yao, miguu ameinyoosha. Wote watatu waliujaza mlango.

"Inukeni," tarishi akasema. Hakusema kwa ukali.

"Nenda kamwambie mkungu aje atuinue," Anatolia akajibu. "Aje mwenyewe, na yule dresa wake. Waje watushike hii miguu."

Tarishi aliwatazama wale watu wa mapanga, nao wakatazama pembeni. Mvua ilianza tena, nyembamba. Mwishowe alichutama chini ya ukingo wa paa, akatoa penseli nyuma ya sikio, akaifungua karatasi juu ya goti mahali palipokuwa na orodha ya nyumba. Aliandika polepole, akitamka kila silabi kama mtoto wa darasa la kwanza: *Nyum-ba tu-pu.* Akaikunja karatasi, akaiingiza kifuani isilowe.

Kisha akaomba maji ya kunywa.

"Umeandika nyumba tupu. Nani akupe maji?" Anatolia akasema.

Hakuna aliyeinuka. Kutoka upande wa kahawa, walikoelekea wale watu wa mapanga, lilisikika panga la kwanza likiingia kwenye mgomba, na juu ya vichwa vya wale watatu moshi wa chakula cha mchana uliendelea kupenya kwenye nyasi za paa, mzito, ukishuka na mvua.