Beberu Aliyechungwa Kutoka Juu ya Mnazi

Mtu akikwambia droni haina kelele, mpeleke Junda akamuulize beberu wa kina Charo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na saa tisa alasiri Charo alikuwa apeleke mahari Mtopanga kwa kina Purity. Mengine yote yalikuwa yameshakwenda, kilichobaki ni beberu. Na si beberu yeyote. Mzee Gona, babake Purity, alikuja mwenyewe mwezi uliopita, akamzunguka mara tatu, akamshika ndevu, akamfungua mdomo akatazama meno. Halafu akasema, "Huyu. Msije mkaniletea mwingine mkaniambia ni huyu." Na kumbadilisha kungekuwa kazi, maana alikuwa mweusi tititi na kiraka cheupe usoni, kama aliyejipaka unga.

Sasa Charo alikuwa na mdogo wake, Kaingu. Kaingu alimaliza shule mwaka jana na tangu siku hiyo hajakaa mahali akapoa. Amesukuma mkokoteni Kongowea siku nne, mabega yakakataa. Ameuza maji ya chupa, akayanywa mengi kuliko aliyouza. Mwisho akajishikiza kwa Phineas, mpiga video, jamaa wa bara mwenye mwili wake, anayepiga harusi, matanga na kwaya. Phineas ndiye aliyekuwa apige video ya mahari. Ijumaa jioni akamwachia Kaingu mkoba: droni, rimoti na betri tatu.

"Chaji zote tatu," akamwambia. "Kurusha ni mimi, kibali ni changu. Umeskia, msee?"

Kaingu akasema amesikia. Na kusikia, alisikia kweli. Tena usiku ule akasoma kile kijitabu cha droni mwanzo hadi mwisho, kitu ambacho Phineas hajawahi kufanya. Sasa mtu akishasoma jambo kwenye kitabu, mikono humwasha. Saa tano asubuhi, mamake yuko jikoni anapepeta mchele, Charo yuko kwa kinyozi, Kaingu akajiambia dakika mbili tu.

Dakika ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili akaishusha droni nyuma ya nyumba amtazame beberu uso kwa uso, pale alipofungwa kwenye tawi la mpera. Beberu hajawahi kuona kitu kinaning'inia hewani kinamkodolea jicho moja. Alivuta kamba mara moja, tawi likaenda naye. Akapita jikoni, akapiga teke ungo, akateremka mteremko wa mikokoni.

Mamake, mama Rispa, akatoka na mchele kwenye nywele. "Kaingu, ni nini hiyo imepita?"

"Ni beberu, mama."

"Aenda wapi?"

"Hajasema."

Charo alirudi kichwa kinang'aa, akapewa habari kabla hajakaa. Alikunja suruali, akawachukua vijana wawili wa jirani, wakaingia mikokoni. Walikaa huko kama saa nzima, wakarudi tope mapajani na mikono mitupu.

"Leo maji ni ya bamvua," Charo akasema, akikaa juu ya ndoo. "Yameanza kupanda. Saa nane hakuna pa kukanyaga huko chini. Beberu yule akizama, mimi Mtopanga siendi tena hata kununua chumvi."

"Naweza kumtafuta kwa droni," Kaingu akasema polepole.

Charo akamtazama. "Ndiyo iliyomfukuza."

"Basi yajua alikokwenda."

Kumpata hakukuwa na shida. Kaingu aliipandisha juu kabisa, akaipeleka mbele, na baada ya muda akaona kwenye simu aliyoipachika kwenye rimoti: nyuma ya mikoko, mbali kama mita mia saba, fungu la mchanga jeupe, na juu yake nukta nyeusi yenye tawi la mpera shingoni. Fungu lile na nchi kavu viliunganishwa na njia nyembamba ya mchanga mgumu, ile ambayo kina mama huipita wakienda kuokota chaza. Pembeni yote ni tope, na maji yalikuwa yanaisogelea njia pande zote mbili.

"Tukienda kwa miguu atatukimbia aingie topeni," akasema Charo.

"Hatuendi. Ninamzunguka kwa nyuma, ninamsukuma na droni mpaka kwenu. Mwende mkakae mwisho wa njia."

Akili ilikuwa nzuri, shida ikawa kuishusha. Ukitaka kumtisha mbuzi lazima umfikie karibu, na droni ikishuka chini mbali namna ile, mikoko inakaa katikati kama ukuta. Vijistari vya netiweki vikaanza kuondoka, kimoja, kingine, simu ikaandika kwamba mawasiliano yamekatika na droni inarudi nyumbani. Kweli ikarudi. Ikapanda yenyewe, ikaja yenyewe, ikatua miguuni pa Kaingu kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Akaituma tena. Ikarudi tena. Betri ya pili ikaisha hivyo hivyo, kwenda na kurudi.

Hapo ndipo Phineas akafika na shati lake la kazi. Aliona droni chini, akaona betri mbili zimelala, akaona Kaingu.

"Nilisema nani anarusha?"

"Wewe."

"Na nani amerusha?"

Kaingu akamweleza yote, mpaka tawi la mpera. Phineas alitaka kukasirika lakini mambo ya tawi yakamshinda, akacheka akafuta uso. Halafu akavaa sura ya kazi.

"Hii ni maneno ya range tu, mawimbi hayafiki mbali. Nipeni mkebe wa soda."

Akaukata mkebe kwa kisu cha jikoni, akaukunjua nyuma ya antena mbili za rimoti kama masikio ya popo. Akaamuru kila mtu azime hotspoti, na walikuwa wengi kwa wakati huo, maana nusu ya mtaa ilishakuja kutazama. Akapanda juu ya pipa, akanyoosha ncha za antena kuelekea baharini kama mtu anayelenga kunguru. Akachukua betri ya tatu.

Droni ilikwenda mbali kidogo kuliko mwanzo. Ikashuka. Ikafikiri. Ikarudi.

"Umeongeza mita hamsini," Kaingu akasema.

"Hamsini si kitu kidogo."

"Beberu yuko mia saba."

Juu yao mtu akakohoa. Wote wakainua vichwa. Mzee Baya, mgema wa hapo Junda, alikuwa amekaa kwenye kilele cha mnazi wake mpakani mwa kiwanja, miguu inaning'inia, kisu kiunoni. Alikuwa anagema tembo la kunywa na wakwe siku hiyo, na kazi ilikwisha zamani, ila hakuwa tayari kuikosa sinema.

"Shikamoo, mzee Baya," Kaingu akasema.

"Marahaba. Mwamtafuta beberu?"

"Tunamtafuta."

"Mbona mimi namwona. Yule pale, amekaa kwenye mchanga atafuna tawi lenu."

Phineas akaendelea kukunja mkebe wake. Lakini Kaingu alibaki akitazama juu ya mnazi. Kile kijitabu kilikuwa na ukurasa mzima wenye picha ya nyumba, mti na mshale, na maneno ambayo yalimpita usiku kwa sababu yalikuwa rahisi mno: kati yako na chombo kusiwe na kitu.

"Phineas, jicho likimwona beberu, rimoti inamwona," akasema. "Hatuhitaji mkebe. Tunahitaji kuwa pale alipo mzee Baya."

Phineas akautazama mnazi. Mzee Baya naye akalitazama tumbo la Phineas. "Wewe, bwana, mnazi wangu sikupi," akasema. "Bado nauhitaji."

Charo na wenzake walishateremka kungoja mwisho wa njia. Akabaki Kaingu. Sasa jambo moja ambalo mtaa mzima ulijua ni kwamba Kaingu na minazi hawasalimiani. Alipokuwa na miaka tisa aliukwea huu huu, kwenye vidato alivyochonga mzee Baya vya kuwekea mguu, akakwama, akalia mpaka akafuatwa.

Mzee Baya aliteremka kama mtu anayeshuka kitandani. "Siku ile ulikomea kidato cha nne," akasema. "Na shule pia nasikia ni hapo hapo. Leo twaenda cha ishirini."

"Na nikianguka?"

"Utaniangukia mimi. Nitakuwa chini yako."

Kaingu akautoa mkebe, akavaa rimoti shingoni kwa mkanda wake, akaanza. Kidato cha kwanza, cha pili. Kwenye cha nne miguu ikakumbuka, ikasimama. Mzee Baya akamgonga kisigino na ngumi, si kwa hasira, namna mtu anavyogonga mlango wa jirani. Akaendelea. Alikwenda akitazama gome tu, akihesabu kwa sauti kama mtoto wa chekechea, mpaka ubaridi wa upepo ukamgusa uso. Alikuwa amepita vichwa vya mikoko. Mzee Baya akampitisha kamba kiunoni, akamfunga na mnazi kwa fundo la kazi.

"Sasa mikono ni yako."

"Betri imebaki asilimia hamsini na nane," Phineas akasema kutoka chini. "Tumia vizuri, kijana."

Droni ikapanda, ikampita sikioni, ikaenda. Mita mia tatu. Mia tano. Alipoishusha nyuma ya beberu, netiweki ilikaa. Kaingu akataka kucheka. Halafu kikaondoka kijistari kimoja. Kikafuata kingine, akapaza sauti kuwaambia walio chini.

"Lenga antena," Phineas akasema. "Zielekeze kwake, kama bunduki."

Kaingu akazielekeza. Kijistari cha tatu kikaenda.

Alifumba macho kidogo, akauona ukurasa uliofuata kwenye kijitabu, wenye picha ya antena zilizosimama wima. Akazisimamisha antena, ubavu wake wote ukatazama fungu la mchanga na ncha zikatazama mawingu. Vijistari vikarudi kimoja kimoja, mpaka vyote.

"Umefanya nini?" Phineas akauliza. Chini alishaona kwamba droni hairudi.

"Taa ya tyubu ya jikoni kwa mama, mwanga watoka ubavuni ama watoka kwenye ncha?"

Phineas akageuka akatazama jikoni. "Ubavuni."

"Basi na antena ndivyo. Wewe wampa ncha."

"Miaka mitatu," Phineas akasema, si kwa mtu yeyote. "Miaka mitatu nawapa watu ncha."

Huko mbele beberu alisikia ule mvumo aliokuwa ameukimbia asubuhi. Akainuka. Kaingu akaileta droni kwa nyuma yake, kimo cha mtu, akaitikisa kushoto, akaitikisa kulia. Beberu akashika njia. Akienda upande wa tope, droni iko pale. Akigeuka, iko pale. Maji yalikuwa yameanza kulamba njia na kwato zikarusha matone, tawi la mpera likiburuzwa nyuma kama mkia wa pili.

Katikati kukawa na mkondo. Asubuhi ulikuwa mkavu, sasa maji yanapita, mapana kama kitanda. Beberu akafika, akanusa, akakataa. Akageuka, akainamisha pembe, akaingoja droni.

"Betri ishirini na sita," Kaingu akasoma kwenye simu.

Kaingu akaisogeza. Beberu akaruka akapiga hewa, pembe zikaikosa kwa shubiri. Kaingu, bila kutaka, akatazama chini. Akauona ungo wa mamake, mdogo kama kisahani. Droni ikayumba.

Mkono ukamshika kifundo cha mguu, mgumu kama mzizi. "Tazama beberu," mzee Baya akasema. "Chini hakukuhusu. Chini nipo mimi."

Kaingu akamtazama beberu. Akaishusha droni mpaka karibu na maji, akaisukuma polepole moja kwa moja, kiraka cheupe kikajaa simu nzima. Beberu akarudi hatua moja, ya pili, kwato za nyuma zikagusa maji. Akafikiria. Akageuka, akaruka mkondo, akatumbukia hadi tumbo, akatoka ng'ambo, akaja mbio njia nzima mpaka mwisho, ambako Charo alimrukia shingoni wakaanguka topeni wote wawili.

Watu wakapiga makofi, na wa kwanza alikuwa Phineas.

Mama Rispa alimwosha beberu kwa sabuni ya mche na maji ya moto. Charo alipouliza maji yake, akaambiwa angoje, mzee Gona hakumchagua yeye. Juu ya mnazi, mzee Baya alishachukua rimoti na hakuwa anairudisha. "Ngoja nione bati langu. Kumbe pale kuna kutu. Na yule ni nani amelala kibandani kwangu saa hizi?"

Walifika Mtopanga saa tisa na robo. Mzee Gona amesimama uani na saa mkononi. Na hapo kwenye lango, baada ya yote yale, beberu akagoma. Charo akavuta, vijana wakasukuma, beberu kama amepigwa misumari. Upande wa kina Purity watu wakaanza kutazamana.

Phineas hakuwa anaangalia hayo. Yeye alikuwa barabarani na betri iliyochajiwa njiani, anataka picha ya wageni wakiingia, na droni ikapanda.

Beberu akausikia mvumo. Akaingia lango mbio, Charo nyuma yake kwenye kamba kama bendera, akapita uani, akapita wazee, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha mzee Gona akitweta.

Mzee Gona akamtazama meno. Akamshika ndevu, akazinusa. "Nimeozesha binti watatu," akasema. "Beberu anayewakimbilia wakwe mwenyewe, na ameoga, sijamwona." Akakaa. "Leteni viti vya wageni."

Phineas akaishusha droni haraka, akamkabidhi Kaingu rimoti. "Jumamosi ijayo tuna harusi Likoni," akamnong'oneza. "Nimeshawauliza kama wana mnazi. Wanao miwili."