Watu wa Kusukuma Jiwe

Jumapili saa nane mchana, nyuma ya ukumbi, kwenye chumba kinachowekwa viti vibovu, mwalimu wa ngumi alimfunga Kokoto bendeji mkono wa kulia. Alizungusha mara tatu kwenye kifundo, akapitisha katikati ya vidole, akamwambia akunje ngumi. Kokoto akakunja. Ngumi yenyewe ilikuwa ndogo tu, ya mwanamke aliyeponda mawe kwa nyundo tangu ana miaka kumi na mitatu, na jina lake la ulingoni alilitoa hukohuko.

"Kumbuka," mwalimu akasema, "ngumi haianzii begani. Inaanzia chini, kisiginoni."

"Chini zaidi, mwalimu."

"Haya, chini zaidi. Ila usimmalize mapema, watu wametoka mbali."

Alikuwa ameshawalaza wapinzani kumi na mmoja, kila mmoja kwa ngumi moja. Wajuaji hawakukosa la kusema. Daktari wa michezo alisema siri ni nyonga. Mtangazaji wa redio alisema ni wepesi wa mkono. Majirani walisema amekwenda kwa mganga, maana jirani lazima aseme. Mama yake Kokoto alijua, lakini hakuna aliyemuuliza.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka miwili nyuma, ukuta wa machimbo ya mawe uliwaangukia watu saba mchana kweupe, kaka yake Kokoto akiwemo. Mwenye machimbo alikuja na gari lake, akatazama jiwe lililowafunika, akatazama saa. Nyapara akafungua daftari la mahudhurio, akawaandika wote saba kuwa watoro. Mtoro hafukuliwi. Filimbi ikapulizwa, kazi ikaendelea. Ati watoro! Watu ambao viatu vyao vilikuwa bado vimepangwa kibandani, na chakula chao cha mchana kimefungwa kwenye vitambaa! Mama alikwenda na ndoo ya kuzolea kifusi. Mara ya kwanza mlinzi alimrudisha kwa adabu, mara ya pili kwa rungu.

Mwaka uleule Kokoto akaingia ulingoni. Katika pambano la kwanza alirusha ngumi ya kawaida, mpinzani akaanguka chali, refa akahesabu mpaka kumi. Yule dada alipozinduka alikohoa vumbi jeupe, akamwita Kokoto pembeni.

"Kaka yako anakusalimia. Nimewasaidia kusukuma jiwe, lakini hesabu ya kumi ni fupi mno. Anasema uwapelekee wenye mabega."

Walipomvua yule dada glavu, kucha zake zilikuwa zimejaa vumbi la mawe. Daktari akazisafisha, akaandika kwamba yu mzima wa afya.

Tangu hapo ngumi ya pili haikuhitajika. Kokoto aligusa tu. Waliomvuta mpinzani walikuwa wale saba, kule chini. Akawa anachagua wapinzani kwa upana wa mabega, kama mtu anayetafuta vibarua. Mbeba magunia mmoja alilisogeza jiwe shubiri moja. Askari jela alilisogeza shubiri mbili, akarudi analia, akasema mle ndani kuna baridi, na yule mdogo kuliko wote anaomba mama yake aambiwe kwamba hakutoroka. Ujumbe ukafikishwa. Uhai hawakuudai, hilo walishaliacha. Walitaka kutolewa wakazikwe kama watu. Mwalimu aliandika kwa chaki, kwenye ukuta wa jimu, shubiri zilizobaki. Jumapili ile zilikuwa nne.

Mpinzani wa siku hiyo alikuwa fundi wa matairi ya malori, pande la mama. Alianguka kabla watu hawajakaa vizuri. Alipozinduka alisema, "Nimesogeza tatu. Imebaki moja. Kaka yako ameshatoa mkono nje."

Hapo ndipo mwenye machimbo alipopanda ulingoni kumvisha bingwa mkanda, kwa kuwa yeye ndiye mfadhili. Akamwita mpiga picha, akatoa kidevu mbele. "Niguse hapa kidogo, mwanangu, watu wacheke."

Kokoto akamtazama mabega. Yalikuwa mapana, na shingo nene. Hasira ya miaka miwili ilimpanda mpaka kooni, naye hakuimeza. Kama yupo mtu aliyestahili kulisukuma jiwe lile, ni huyu. Mwalimu alitikisa kichwa kumkataza, kisha akaacha kukitikisa.

Akamgusa.

Tajiri akaenda chini kama gunia. Refa, kwa mazoea, akaanza kuhesabu. Alihesabu polepole kuliko siku zote, na saba akairudia mara mbili. Mama alikuwa ameshasimama, ndoo mkononi.

Mwenye machimbo alipofumbua macho, Kokoto aliishika mikono yake akaigeuza. Kucha zilikuwa safi. Vumbi lilikuwa kwenye makalio ya suruali tu.

"Umewaona?"

"Nimewaona." Mtangazaji alikuwa amemsogezea kipaza sauti, akidhani atatoa shukrani, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia. "Wote saba wamo. Wazembe kweli! Nimekaa pale nawatazama, nao wananitazama mimi. Nimewaambia wasukume, muda unakwenda."

"Kwa hiyo si watoro," mama akasema.

"Daftari lilishafungwa, mama yangu." Akajipangusa suruali, akatazama saa.

Watu wakapiga makofi, maana ratiba ilisema baada ya mkanda ni makofi. Mama peke yake hakupiga. Mikono yake ilikuwa na ndoo.

Jumatatu filimbi ilipulizwa kwa wakati. Kabla ya saa nne malori matatu yalikuwa yameshamwaga kifusi palepale, juu ya jiwe. Mwalimu akaifuta ile moja, akakadiria, akaandika kumi na mbili. Kisha akachukua bendeji.

Kokoto alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Funga," akasema. "Na safari hii unitafutie mtu aliyewahi kufanya kazi."