Saa Kumi Kwenye Korido

Siku tatu mfululizo kifaa kilinyamaza saa kumi jioni, na siku tatu mfululizo mjomba aliacha kazi zake akaja mbio, akamkuta mama yake ameketi kitandani, mzima, anafuma kitambaa.

“Profesa,” aliniambia siku ya tatu, akihema mlangoni, “simu yangu ikilia tena bure, bibi yako namchukua akakae kwangu. Nyumba hii tunafunga.”

“Siendi,” bibi alijibu kutoka chumbani. “Ghorofa ya nne! Kwani mimi njiwa?”

Mimi nilitazama vidole vyangu. Kifaa kilikuwa changu: kibao kidogo cha umeme, chipu ya redio na betri bapa, ndani ya kisanduku ambacho bibi alikivaa shingoni. Kila sekunde kumi kilituma neno moja, “nipo,” likapita koridoni hadi kwenye kipokezi mezani pangu. Bibi akianguka kwa kishindo, kingejizima kikanyamaza. Na kipokezi kikikosa maneno sita, kingempigia mjomba simu. Chuoni walituonya tusifanye ukimya kuwa kengele. Nikajifanya najua.

Nilibadilisha betri. Nikachomelea upya antena, nikaongeza kapasita, nikahamia chaneli nyingine. Nilimwomba hata jirani asiwashe maikrowevu yake, na kwa mtu mwenye haya kama mimi hiyo ilikuwa kazi kuliko kuchomelea. Siku ya nne nikakaa mbele ya kompyuta, nikisoma nguvu ya mawimbi. Hasi sitini ni sauti safi. Ikifika hasi themanini na sita, maneno yanaanza kupotea.

Saa kumi kasoro dakika moja: hasi sitini na moja. Saa kumi kamili: hasi themanini na saba.

Nikachungulia. Korido ilikuwa tupu. Pazia halikutikisika, sakafu niliyoipiga deki asubuhi haikuwa na alama yoyote. Nilizuia simu isitoke, nikahesabu dakika nane. Kisha namba ikarudi hasi sitini na moja, ghafla, kama mtu aliyejitoa njiani.

Mwili wa binadamu ni maji, na maji hunywa mawimbi. Basi nikaacha kompyuta inaandika, nikasimama koridoni mwenyewe: hasi sabini na nne. Bibi, ambaye ni mdogo kama kiganja, alipokiacha kifaa kitandani akasimama hapo, hakupunguza chochote cha maana. Jioni mjomba alipopita, nikamwomba asimame palepale.

“Unanipima kitambi?”

“Simama tu, mjomba.”

Hasi themanini na saba. Mjomba ana umbo la marehemu baba yake, mabega yaleyale. Na babu, enzi za uhai wake, alikuwa akirudi kutoka kazini saa kumi. Alisimama kwanza koridoni hadi jasho likauke, ndipo aingie kwa mkewe. Tulimzika miaka miwili iliyopita.

Sikumwambia mtu. Kesho yake, namba ilipoporomoka, nilienda hadi mwanzo wa korido. Neno la kwanza lilipotea, la pili, la tatu.

“Shikamoo, babu,” nikasema. “Naomba utupishe. Kifaa kikinyamaza, wanamhamisha bibi.”

La nne. La tano.

Nyuma yangu kipokezi kikalia mlio mfupi: nipo. Hasi sitini na moja. Nilishika ukuta, nikalia kwa furaha na kwa woga.

Siku tano hakuna neno lililopotea. Mjomba alinisifu. Lakini bibi aliacha kufuma. Kila saa kumi aligeukia mlango, akakaa hivyo hadi giza.

“Umemwambia nini mwenzangu?” aliniuliza siku ya sita.

Sikuweza kumdanganya. Nilimweleza yote. Akanishika mkono, hakunigombeza.

“Mtu mtiifu yule. Ukimwambia apishe, anapisha.” Akakikunja kitambaa chake. “Mwite mjomba wako aje na gari. Sikai nyumba isiyo na mtu.”

Jumamosi tukapakia. Mjomba aliendesha, mimi na bibi tukakaa nyuma, mkoba wake katikati yetu. Sikuwa na moyo wa kukizima kifaa; kipokezi na kompyuta vilikuwa mapajani mwangu, hatua moja tu kutoka shingoni mwake. Hasi thelathini na tano. Sijawahi kuona namba nzuri kama ile.

Saa kumi ilitukuta kwenye foleni. Hasi sitini. Hasi themanini. Hasi tisini na moja. Kisha kimya, na baada ya dakika simu ya mjomba ikaanza kulia mfukoni.

“Profesa, zima hilo dude! Mama si huyo hapo nyuma?”

Sikugeuza shingo. Nilimsikia tu bibi akiuinua mkoba kutoka kiti cha katikati, taratibu, akiupakata.

“Endesha, mwanangu,” alisema. “Tumetimia.”