Kufuli la Ndiyo Mbili

Elihuruma alikuwa mtafiti wa kompyuta kwenye chuo kimoja cha Arusha. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwa hoja za mantiki, zilizopangwa moja juu ya nyingine kama matofali, kwamba kufuli fulani haliwezi kudanganywa. Alijaza karatasi kwa alama ambazo shangazi yake Agnela aliziita miguu ya kuku. Tatizo ni kwamba hakuwa na mlango wa kweli wa kujaribia, na msimamizi wake alikuwa amemwambia wazi kwamba bila mlango, utafiti huo hautapita.

Ndipo wakulima wa kwao Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, wakamwonea huruma, wakampa mlango wa ghala lao la kahawa.

Kufuli lake halikuwa na ufunguo. Lilifunguka tu pale watunza ghala wawili, Mzee Lomayani na Mama Tabitha, walipobonyeza neno "ndiyo", kila mmoja kwenye simu yake.

"Mlango ukifunguka, basi wote wawili wamekubali," Elihuruma aliwaambia wanachama wa ushirika, kifua mbele. "Nimethibitisha. Hakuna njia nyingine. Hata mimi niliyelitengeneza siwezi kuingia."

Mwenyekiti Sadoki akakuna kidevu. "Haya, tulijaribu kwanza kwa wiki moja. Anayetaka kuingia aingie, mradi asivunje kitu. Akifaulu hata mmoja, tunarudisha kufuli letu la chuma, na wewe unarudi chuoni na lako."

Wiki ile watu walihangaika. Brayson, fundi simu, alimpigia Mzee Lomayani akiiga sauti ya Mama Tabitha. Mzee akamuuliza mafua kayapata wapi. Elihuruma alicheka mpaka akashika mbavu. Alishinda pale ghalani akilinda kufuli lake, akasahau hata kula, na kila mchana alikuta chupa ya chai na kipande cha ndizi ya kuchoma kwenye ngazi. Mama Tabitha alikuwa akiviacha pale na kuondoka.

Jumamosi, siku ya mwisho, wanachama wakakusanyika. Shangazi Agnela alifika akiwa amejitanda khanga, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Lomayani.

"Hivi Lomayani, kahawa yako mwaka huu uliianika wapi? Zizini?"

"Unasemaje wewe?"

"Nasema inanuka ng'ombe. Na wewe Tabitha, usicheke. Ile loshoro ya mahindi na mtindi uliyotupikia kwenye kipaimara cha mjukuu wako Angel, mbwa wangu aliinusa akaenda kulala na njaa."

Watu wakaguna. Mama Tabitha akasimama, mikono kiunoni. Mzee Lomayani alitetemeka ndevu. Elihuruma alitamani ardhi impasukie. "Shangazi, jamani!"

Agnela akawapa kisogo. Akateremka hadi mpakani mwa shamba, akakata kitu, akapanda tena polepole. Mkononi alikuwa na jani la sale, mmea wa kuombea msamaha.

Makelele yakakatika. Huku mlimani, mtu aliyekukosea akikujia na jani la sale, humkatalii, hata kama kosa lake bado linakuchoma moyoni. Ukimkatalia, aibu inahamia kwako.

Agnela akapiga magoti. "Nimekosa, Lomayani. Mdomo wangu hauna mlango. Nisamehe."

Mzee akalipokea jani, na kwa kuwa alijua magoti ya Agnela yanauma, akamshika mkono amwinue. "Nimekusamehe."

"Kweli?"

"Kweli."

"Basi bonyeza ndiyo, nijue imetoka moyoni."

Elihuruma akaruka. "Mzee! Shikamoo! Usibonyeze!"

"Marahaba, mwanangu. Sasa nitafanyaje? Huoni nimeshika nini?" Akabonyeza.

Agnela akalichukua lile jani, akamgeukia Mama Tabitha.

"Agnela, wewe ni nyoka," Mama Tabitha akasema, kicheko kikimtoka puani.

"Ni nyoka, lakini nimekuja na sale."

Mama Tabitha akalipokea jani, akabonyeza. Mlango ukalia *ta*, ukafunguka. Agnela akaingia, akakaa juu ya gunia, akakunja miguu. "Karibuni ndani."

Wanachama walicheka, wengine wakajifuta machozi. Sadoki hakucheka. "Elihuruma, mtu ameingia."

"Lakini wote wawili wamekubali! Uthibitisho wangu haujavunjika."

"Wamekubali. Je, wangeweza kukataa?"

Elihuruma akalitazama jani mkononi mwa Mama Tabitha. Katika hoja zake zote aliandika kwamba anayeweza kusema ndiyo anaweza pia kusema hapana. Hilo hakulithibitisha popote. Alilidhania tu, akajenga nyumba nzima juu yake.

"Hapana," akasema kwa sauti ndogo. "Hawakuweza."

"Basi ling'oe."

Akachukua bisibisi. Alipokuwa akipita, alihisi kitu kikisukumwa kiganjani mwake. Mama Tabitha alikuwa anatazama kwingine kabisa, kama mtu anayehesabu mawingu ya Meru. Elihuruma akaangalia kiganja chake. Jani.

Akageuka, akapiga magoti mbele ya Sadoki.

"Mwenyekiti, nimekosa. Nilijisifu kwamba hakuna njia nyingine, na njia ilikuwepo. Naomba mniachie mlango msimu mmoja nilirekebishe kufuli."

"Na wewe!" Sadoki akanguruma. Akatazama huku na huku kama anayetafuta pa kukimbilia. Mwishowe akalipokea jani, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Msimu mmoja. Lakini kufuli la chuma nalo nitaliweka juu yake, na shangazi yako asikaribie mlango huu."

Elihuruma akaingia ghalani, akavuta gunia, akakaa kando ya Agnela.

"Shangazi, mbali na mwenye sale, hapa kwetu ni nani mwingine asiyekataliwa?"

Agnela akajitengeneza khanga, akatabasamu kama paka aliyeona maziwa.

"Sogea karibu, baba. Tuanze na mama wakwe."