Ini Lisilojua Kwao

Kwa miezi miwili Steki aliyalaumu meno. Alikuwa muuza nyama, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu hakuwahi kumfungia mtu mifupa akaiita steki. Mtu aliyeishi na nyama maisha yake yote hakuweza kukubali kwamba sasa nyama inamkataa. Tonge lilikuwa likifika katikati ya kifua linakaa kitako, kama mgeni aliyeona kiti kizuri. Akinywa maji ya kulisukuma, maji nayo yanapanga foleni.

"Ni meno," alimwambia mkewe. "Hayasagi."

"Uji nao unasagwa?" mkewe akamuuliza.

Kesho yake wakaenda hospitali.

Daktari alikuwa binti mpole, rika la mwanawe wa kwanza. Alimteremshia kooni mpira mwembamba wenye kamera, akaona uvimbe kwenye umio, akanyofoa vinyama vitatu vidogo kama punje za mchele, akavipeleka maabara. Alimwambia bila kuficha kwamba huenda ikawa saratani. Steki alirudi kwenye bucha lake, akanoa visu vyote, hata vile vilivyokuwa vikali.

Wiki moja baadaye simu ikaita.

"Baba, samahani," daktari akasema. "Siku ile ya kipimo ulikuwa umekula maini?"

"Sikula kitu. Mlinikataza."

"Na nguo zako, zilikuwa za kazini?"

"Nilivaa suti, daktari. Ile niliyooa nayo. Kwani kuna nini?"

Ikabidi aseme. Vinyama vilivyotoka kooni, vikitazamwa kwa darubini, vilionekana ni vya ini. Ama vichupa vya wagonjwa vilibadilishana, ama bucha lilijipenyeza mle ndani. Alitakiwa arudi.

Akarudi. Safari hii muuguzi alimsugua kucha kwa brashi kabla hajamruhusu kupanda kitandani. Jibu likatoka: ini tena. Damu nayo ilikutwa na protini fulani nyingi kupita kiasi.

"Kipimo hiki," muuguzi alimweleza, akijitahidi asimtazame kitambi, "mara nyingi tunawapima wenye shida ya ini. Na akina mama wajawazito."

"Basi niandikie hilo la kwanza," Steki akasema.

Habari za ini zilimfikia dada yake mkubwa, naye akafunga begi hata kabla simu haijakatwa. Alipofika hakumpa mtu mkono. Alifungua chupa ya chai akainusa, akafungua kabati, akainama kuchungulia uvunguni.

"Wifi, unatafuta nini?" mke wa Steki akauliza.

"Pombe. Ini haliharibiki hivihivi."

"Dada, sijawahi kunywa," Steki akasema.

"Ndivyo wanavyosema wote."

"Na ini langu wamelipiga picha, ni zima. Bovu ni la kooni."

Dada mtu akaketi juu ya begi lake. "Koo lina ini?"

"Hata wao wanashangaa."

Daktari alipochoka kuulizwa swali hilo na mwanamke yuleyule kwa simu, aliwaita wote watatu akawapeleka maabara. Mtaalamu wa pale, mzee mwenye miwani ya kamba, alimtazama Steki kama mtu aliyekutana na mnyama aliyekuwa akimsoma vitabuni tu. Akamkalisha kwenye darubini. Steki akaona madoadoa ya waridi na zambarau, kama kitambaa kilichochuja rangi.

"Hili si ini," akasema. "Nimekata maini miaka thelathini."

"Tazama yale matone ya kijani," mzee akamwambia. "Ni nyongo. Seli zenyewe ndizo zinazoitengeneza."

Steki akanyanyua kichwa taratibu. Nyongo aliijua. Mchunaji akiteleza kidogo ikapasuka, nyama inageuka shubiri. Aliiogopa kuliko kisu.

"Kama linatoa nyongo," akamwambia dada yake, "basi ni ini. Hapo sina ubishi."

Mzee, aliyekuwa ametuhumiwa kuchanganya vichupa kwa wiki tatu, alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Ndipo daktari alipowaeleza. Mtoto akiwa bado tumboni, umio na ini huchipuka kutoka bomba moja, kisha kila kimoja kinashika kazi yake. Mara chache sana, seli za umio zikigeuka saratani, huanza kufanya kazi ya ini. Hutokea hata tumboni au kwenye mapafu. Ni saratani kali na hupenda kusambaa, lakini ya Steki ilikuwa bado haijatoka pale ilipo.

"Kwa hiyo hakunywa," dada mtu akasema, macho sakafuni.

"Hakunywa, mama."

"Mimi pale nilikuwa natafuta chai."

Steki alitundikiwa dripu za dawa kali kwa miezi mitatu, akakonda, kitambi kikaaga. Siku ya upasuaji, akisubiri kusukumwa ndani, alimshika mkewe mkono.

"Nikifa, lile gogo la kukatia nyama usimuuzie jirani. Atalipasua."

"Hufi," mkewe akasema. "Na gogo nitamuuzia nimtakaye."

Walikata kipande cha umio, wakalivuta tumbo juu kuziba nafasi. Protini ikashuka mwezi baada ya mwezi. Mara moja ilipanda kidogo, na Steki akanoa visu siku mbili, ikashuka tena. Sasa anakula kidogo kidogo, mara sita kwa siku, na kila miezi mitatu anapimwa.

Daktari aliandika habari zake ili azipeleke kwenye jarida la madaktari. Alipomsomea, Steki alisikia "mwanamume wa miaka hamsini na minane", akangoja, hakikutajwa kingine.

"Hukuandika kazi yangu," akasema.

"Haihusiani na ugonjwa, baba."

"Mimi ndiye niliyewathibitishia kwamba ni ini."

Daktari akachukua kalamu, akaongeza maneno mawili pembeni.