Ndagala za Upande wa Kushoto

Chausiku alinipigia simu asubuhi, nikiwa pwani hapa Rumonge nageuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, juu ya vichanja vya kuanikia. Huyu ni mfanyabiashara wa Bujumbura. Alikuwa ameahidi kununua ndagala za kundi letu la wanawake kila juma, akiridhika na ukurasa wetu wa intaneti. Asiporidhika, tungerudi kwa wale wachuuzi wa pwani wanaotupangia bei, maana wanajua samaki hangoji.

"Mama Asma, amahoro. Nimefungua ukurasa wenu. Hizo ndizo ndagala mnataka nipelekee watu? Zimejaa mchanga!"

"Mchanga? Sisi hatuaniki chini, mama."

"Macho yangu iko mazima. Kesho namalizana bei na wauzaji wa Kabonga." Akakata.

Nilibaki na magamba mikononi. Ukurasa ule niliutengeneza mwenyewe kwenye ordinateri, kompyuta ya kituo tunakojifunza, na nilipoumaliza nilimshukuru Mungu, kwa sababu tangu baba Asma afariki ndagala hizo ndizo zinatulisha. Na ulikuwa mzuri! Nilipomweleza Agneta, mwenzangu wa kichanja, alicheka mpaka akashika kiuno.

"Labda shetani ameingia mu intaneti. Musomee dua."

"Usitanie shetani, Agneta."

Tukaenda kituoni kwa Tahira, mwalimu wetu. Akafungua ukurasa kwenye ordinateri. Kulia, ndagala zetu nyeupe na namba ya simu. Kushoto, foto ya ndagala za mchanga, zilizoanikwa chini. Juu ya zote mbili nilikuwa nimeandika mstari mmoja mrefu: Ndagala hizi za kushoto hatuuzi, za kulia ndizo zetu.

"Si unaona? Iko sawa," nikamwambia.

Tahira akaufungua kwenye telefone yake. Mchanga mutupu! Ndagala nzuri hazipo, namba haipo, na ule mstari umeishia kwenye "Ndagala hizi za".

"Nani ameiba nusu?" Agneta akauliza.

"Hakuna mwizi. Mama Asma, visanduku vya foto na maneno umevipa upana wa ekrani hii kubwa. Telefone ni nyembamba. Inaonyesha kushoto tu, zingine ziko nje mpaka mtu avute kwa kidole."

"Na kwa nini asivute?"

"Wewe ukiona mchanga sokoni, unasimama?"

"Napita," nikakiri.

"Lakini kwa nini mbaya umeiweka mbele?" Tahira akauliza.

"Mbele wapi? Nimeiweka kushoto. Kitu chema kinakaa kulia. Tunakula kwa mkono wa kulia, msikitini tunaingia kwa mguu wa kulia. Ningeweka riziki yetu upande wa kushoto, wa kuingilia chooni?"

"Basi uondoe hiyo mbaya," akasema Agneta.

"Siondoi. Dini inakataza kuficha ila ya bidhaa. Mnunuzi aijue mbaya, ndipo aitambue nzuri."

Tahira akafuta ule upana, akaamuru visanduku vilale kimoja chini ya kingine. Tukatazama telefone. Mchanga bado uko juu.

"Sasa ya kulia imekwenda wapi?"

"Hakuna kulia tena, mama. Kilichoandikwa kwanza ndicho kinatangulia."

Kitu kimoja, kwenye ordinateri kina kulia, kwenye telefone hakina! Hata hivyo nikahamisha maandishi kwa mkono wangu, nzuri juu, mbaya chini, kila foto na maneno yake mapya, bila kushoto wala kulia. Tukafungua tena. Ndagala nyeupe zikajaa telefone nzima. Nikampigia Chausiku.

"Hizi si zile," akasema.

"Ni zile zile. Tumepanga ukurasa tu."

"Sasa niamini nini? Asubuhi mchanga, mchana lulu. Watu wanaoweza kugeuza samaki kabla ya adhuhuri, watanigeuzia na gunia."

Mimi mwenyewe sikuwa nimeelewa vizuri. "Usiuamini ukurasa," nikamwambia. "Njoo uingize mkono."

Akaja kesho yake, kabla ya kufika Kabonga. Hakunisalimu hata. Alifungua gunia la katikati, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa konzi ya chini kabisa, akanusa, akatafuna moja. Kisha akamwita dereva apakie yote.

"Lakini nieleze, Mama Asma," akasema huku akijifuta. "Huo ukurasa wenu ni wa kazi gani, kama mpaka nije mwenyewe?"



"Si umekuja?" Agneta akamwambia, akamtwika dereva gunia.